Ubora wa Bonde Letu

Jumatatu, 3 Machi

Leo sayansi imeingia nyumbani kwetu. Kwa miguu yake. Ikavua viatu mlangoni.

Imekuja na sura ya mama mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni, nyuma yake dereva amebeba kidude cha chuma kama ndoo ndogo. Mama ni daktari, ila si wa watu. Ni wa ardhi. Nikamwuliza mgonjwa wake ana umri gani. Dereva alicheka. Yeye alijibu kwa utulivu kwamba bonde letu lilikuwa ziwa zamani za kale, likajaa mchanga na tope, na sisi tumejenga juu ya hilo tope. Nikacheka peke yangu, kwa heshima.

Kidude ni kipimio cha matetemeko. Anataka kukiweka mahali tulivu, penye sakafu ya udongo. Nikampa stoo ninamohifadhi spika zangu za kukodisha. Akachimba shimo, akakitumbukiza, akakisawazisha kwa pimamaji kama fundi wa matofali. Kingine amekiweka kibandani juu kilimani, kwa Sajini, yule askari mstaafu, penye mwamba mtupu. Kazi yake ni hii: vilima vya jirani hutoa matetemeko madogo madogo ambayo binadamu hata hayahisi. Tetemeko moja likitokea, vipimio vyote viwili vinalisikia. Analinganisha. Anataka kujua wimbi likipita kwenye tope letu linapoteza nguvu kiasi gani.

Kwa nini nimekubali? Si kwa ajili ya sayansi. Kwa ajili ya Dada.

Baraza la mji litajenga hospitali mpya, yenye wodi ya figo na mashine za kusafisha damu. Ama uwanja wa mpira ulio nyuma ya nyumba yetu, ama kilimani kwa Sajini. Wanasubiri ripoti ya huyu mama. Dada yangu ni mgonjwa wa figo. Kila anapokwenda kusafishwa damu ni safari ya basi hadi mji mkubwa, na anarudi uso umekuwa wa rangi ya majivu. Kile kilima hakipandi, miguu inamvimba. Uwanja wa mpira? Anafika na ndala zake.

Huyu ndiye aliyenilea. Basi hospitali itajengwa bondeni. Kapteni, ndiyo mimi, amesema.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetukanwa! Mimi, dada yangu, mtaa mzima, hadi udongo tunaokanyaga!

Daktari wa Ardhi alikuja kubadilisha betri. Akapigiwa simu na mwenzake. Mimi sisikilizi simu za watu, ila nilikuwa nyuma ya mlango na masikio nilikuwa nayo. Akasema kuna matetemeko mawili yamenaswa vizuri sana. Nikajipiga kifua. Kisha akasema, bila aibu, kwamba kigezo cha ubora cha bonde ni kidogo mno. Cha mwamba wa kilimani ni kikubwa.

Ubora! Mdogo! Mno!

Nilipofika kwa kinyozi nikamkuta Sajini ameshapata habari, kwa sababu dereva hana siri. Amekaa kwenye kiti cha kinyozi kama kiti cha enzi, povu limejaa kidevuni. Akaniuliza hali ya hewa huko kwenye ubora mdogo ikoje. Kinyozi akacheka hadi akaweka wembe chini. Nikamjibu Sajini kwamba popote duniani kapteni ni mkubwa kuliko sajini. Akasema ni kweli kabisa, ila yeye usajini alipewa na jeshi, na angependa kujua mimi ukapteni nilipewa na nani.

Nimefanya kazi melini. Jikoni, sawa, na meli yenyewe ilikuwa kwenye matengenezo, sawa. Lakini niliamka juu ya maji!

Nimerudi nyumbani nikimeza mate. Dada akaniuliza nina nini. Sikumwambia. Mgonjwa haambiwi kwamba ardhi anayolalia haina ubora.

Nimeamua. Ubora ukiwa mdogo, unaongezwa.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kazi. Nimepaka stoo chokaa, kuta zote na nusu ya spika moja kwa bahati mbaya. Nimeng'oa magugu nje. Nimefukia mashimo ya panya. Baraza la mji likija kukagua, likute ardhi ya watu waliostaarabika.

Kisha wazo kubwa. Nimeazima mashine ya kushindilia udongo kwa jamaa wanaotengeneza barabara. Ile inayorukaruka kama mbuzi mwenye hasira. Nimeshindilia kuizunguka stoo yote, nikaenda, nikarudi. Meno yamegongana hadi sasa naandika nikiwa nasikia kama nimetafuna kengele. Udongo umeshuka, umekaza, unang'aa. Ukiupiga kisigino unajibu.

Dada alitoka, akaegemea mlango, kitambaa kichwani. Akasema, mdogo wangu, unajenga uwanja wa ndege? Nikasema naongeza thamani ya mtaa. Akasema basi niiongeze taratibu, vikombe vyake vinatembea kwenye rafu.

Dada akitania, ujue leo amelala vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari wa Ardhi amekuja akiwa amenuna. Alifungua kompyuta yake, akanionyesha mistari. Akasema kipimio changu kimerekodi tukio la ajabu siku ya Jumamosi, refu, halina mwanzo wa kueleweka, halifanani na chochote alichowahi kukiona popote duniani. Nikauliza kama limeongeza ubora.

 Akavua miwani. Akaniomba nikae.

Akanieleza polepole, na namshukuru, kwa sababu hakunieleza kama mtu anayemweleza mjinga. Ubora anaosema yeye si uzuri. Ukigonga kengele, sauti inaendelea, haipotezi nguvu haraka: hapo ubora ni mkubwa. Ukigonga godoro, sauti inafia palepale: ubora mdogo. Mwamba wa Sajini ni kengele. Bonde letu ni godoro. Wimbi jembamba, la harakaharaka, likiingia kwenye tope letu linanyonywa.

Nikasimama. Nikamwuliza kama nimesikia sawasawa, kwamba tetemeko likija bondeni linafia humo. Akasema yale mawimbi membamba, ndiyo, lakini...

Sikungoja lakini. Nilishafika barabarani. Godoro! Hospitali inataka nini kama si godoro? Nani aliwahi kumlaza mgonjwa juu ya kengele?

Nilipogeuka alikuwa bado amesimama mlangoni akiniita, akichora duara hewani kwa mkono, kama mtu anayetikisa maji kwenye beseni. Nikampungia.

Jumatano, 12 Machi

Mtaa mzima sasa unajua. Nimehutubia kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, kwenye foleni ya maji. Nimewaambia bonde letu linakula matetemeko kama mtoto anavyokula pipi. Fundi cherehani amesema siku zote alikuwa anahisi hivyo.

Nimejiandikisha kusema mbele ya baraza la mji tarehe 24. Kwa niaba ya bonde.

Sajini hajachoka. Amesema yeye ameishi juu ya mwamba huo tangu astaafu na hajawahi kuhisi hata kikombe kikicheza. Watu wawili walitikisa kichwa kumkubali. Niliwaona. Nimewakariri.

Sasa nimefikiri. Kama mwamba ni kengele, kengele inahitaji mtu wa kuipiga. Kipimio cha kilimani kikionyesha mtikisiko wa kutosha, ripoti itasema nini? Itasema pale hapalaliki! Jumamosi Sajini anakumbuka siku aliyostaafu, amealika majirani. Nimekwenda kwake leo, nimevua kofia, nimesema tuache ugomvi wa kitoto, nitampa muziki wa bure, spika zangu zote, mchana kutwa.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo tangu mke wake afariki.

Nilishuka kilima nikiwa sijisikii vizuri. Nadhani ni jua.

Jumamosi, 15 Machi



Spika nilizilaza kifudifudi juu ya mwamba, karibu na kibanda cha kipimio. Nikamwambia Sajini ndivyo wanavyofanya siku hizi, muziki unapanda kwa nyayo. Akaamini. Besi nikaifungua hadi mwisho. Watu wakaingia kucheza, wakirukaruka pamoja, mwamba wote ukawa unapumua. Sajini mwenyewe alicheza, mikono nyuma, magoti yakienda kama ya askari anayesahau kwamba yuko kwenye gwaride.

Kisha ukaja mlio ambao haukuwa wangu. Kama lori linamwaga kokoto chini ya miguu yetu. Glasi zikagongana, meza ikatembea. Sajini akatoa amri wote tulale chini, na wote tulilala, hata mimi. Mtikisiko ulikuwa mkali, wa harakaharaka, kama mtu anayetikisa mlango uliofungwa. Ukaisha. Watu wakaanza kucheka ile ya woga.

Nikasimama. Nikatazama bondeni.

Bonde lilikuwa bado linakwenda.

Kwetu juu ardhi imeshatulia kabisa, na kule chini nguzo za umeme zinainama upande huu, zinainama upande ule, polepole, kama watu wanaokataa jambo kwa kichwa. Mabati ya mapaa yanang'aa na kuzimika, yanang'aa na kuzimika, kwa jinsi nyumba zilivyokuwa zikilala na kuamka. Vumbi linapanda. Haliachi. Wala bonde haliachi. Na muziki wangu unaendelea kuimba kiitikio.

Sajini alizima spika. Mimi nilishaanza kukimbia. Nilidondoka, nikainuka. Alinipita kabla ya nusu ya mteremko, na yule mzee ana goti moja la bandia.

Dada alikuwa uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nywele zimejaa vumbi. Ukuta wa stoo umelala chini wote, upande niliopaka chokaa. Akasema mbona nimechelewa, chai imemwagika. Nikamshika mikono. Ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia ardhi imeshatulia. Akasema anajua, anayetetemeka sasa ni yeye.

Sajini alisimama mbali kidogo, mgongo kwetu, akiangalia matofali kama vile ndiyo aliyoyafuata.

Jumapili, 16 Machi

Mtaani hakuna aliyekufa. Fundi cherehani amevunjika mkono. Nyumba nyingi zina nyufa za kupitisha kidole.

Daktari wa Ardhi alifika asubuhi, akafukua kipimio kutoka kwenye vifusi, akakuta kinafanya kazi. Akakaa chini palepale na kompyuta magotini. Akasema tetemeko la bondeni limenaswa lote, tangu mwanzo hadi mwisho, na mwisho wenyewe ulichelewa kufika. Kisha akafungua rekodi ya kilimani.  Akanigeuzia kioo, akaniomba nimweleze, kwa uzoefu wangu wa bahari, ni tetemeko gani lina kiitikio.

Nilisema labda ni la kigeni.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema alikuwa analisubiri tetemeko la ukubwa huo tangu aanze kazi hii, na sasa ana upande mmoja tu wa mazungumzo. Kisha akamalizia ile lakini ya Jumatatu. Tope linanyonya mawimbi membamba, ndiyo. Lakini yale manene, ya polepole, halinyonyi hata kidogo. Yanaingia bondeni, yanagonga kingo, yanarudi, yanagonga tena. Ni maji kwenye beseni. Hayo ndiyo nyumba ndefu inayoyaogopa.

Nikasema hospitali inaweza kujengwa imara. Akasema inaweza. Kwa gharama, na kama watajua wanapambana na nini.

Dada alikuwa anasikiliza, anachambua mchele katikati ya vifusi kama siku yoyote. Akasema, bila kuinua macho, kwamba jana alikimbia uani. Polepole, lakini alikimbia. Akiwa kwenye ile mashine hawezi kukimbia. Amefungwa mirija mkononi, damu yake iko nje, inazunguka, inarudi. Akaniuliza, mdogo wangu, siku hiyo ungechukua kipi kwanza, mimi au damu yangu?

 Alipuliza pumba.

Alhamisi, 20 Machi

Matetemeko madogo yanafuata, kama watoto nyuma ya mama yao. Daktari anasema haya yanaweza kumpa alichokosa, tukimpa kimya tu pande zote mbili.

Nimeteua kamati ya kimya. Mimi ni mwenyekiti. Nimepita nyumba hadi nyumba nikiwaomba watu wasitwange, wasikate kuni, watoto wasirukaruke karibu na stoo. Daktari amenishika bega, ameniomba na mimi nisipite nyumba hadi nyumba karibu na stoo.

Huko juu Sajini amekaa kwenye kiti mbele ya kibanda na fimbo. Wanasema hata kuku wake anawaongelesha kwa kunong'ona.

Leo jioni Daktari alitabasamu. Mara ya kwanza. Tetemeko dogo, pande zote mbili, safi. Hakuna aliyelihisi. Akanionyesha mistari miwili: wa mwamba, mfupi, wenye meno makali, umekatika. Wa kwetu umeanza taratibu, umepoteza meno, halafu unaendelea, unaendelea, mawimbi mapana kama mtu anayepumua usingizini. Nikauangalia kwa muda mrefu. Nilijaribu kutafuta cha kuchekesha. Sikukipata.

Jumatatu, 24 Machi

Baraza la mji. Nimevaa koti. Hotuba niliiandika wiki mbili zilizopita, yenye neno godoro kila aya. Daktari alisema yake kwanza, kwa takwimu, wazee wakasinzia kidogo. Kisha wakaita mwakilishi wa bonde.

Nikasimama. Watu wote wa bondeni ukumbini wakanipigia makofi. Kinyozi akapiga mluzi. Nikafungua karatasi.

Dada alikuwa safu ya mbele, ametoka jana kusafishwa damu, anajipepea kwa bahasha. Ananitazama tu. Si kwa kunikataza. Kama alivyokuwa ananitazama nikisoma shairi la shule, akijua nitasahau, amejiandaa kunikumbusha.

Nikasema, pelekeni juu.

Nikakaa.

Watu wa bondeni wakazomea. Mtu akaniita msaliti. Kinyozi amesema nitafute kwingine pa kunyolea. Baraza limeamua: kilimani. Barabara ya kupandia haijapangwa, wamesema itafikiriwa.

Nje nililia kidogo nyuma ya gari. Dada alinikuta. Akanipa bahasha nijifute. Akasema hotuba fupi ndizo nzuri.

Nikamwuliza atapandaje. Akasema hajui.

Jumatano, 26 Machi

Sajini amekuja asubuhi, amevaa sare ya zamani, vifungo vimebana. Nikajua amekuja kujigamba, nikaandaa jibu. Akanipita, akamsalimu Dada. Akasema nyumba yake iko mkabala na eneo la hospitali, ina chumba cha mbele kinachoangalia barabara, hakitumiki. Wakianza kazi, Dada akae huko, apande mara moja tu, halafu kila siku ya mashine avuke njia. Hataki chochote. Mke wake naye alikuwa mgonjwa, akasema, na nyumba imezoea kuamka mapema.

 Dada akamwambia, asante, kaka yangu, nitakuja.

Mimi sikuwa na neno. Hilo ni nadra, nimeona niliandike.

Mchana tumekwenda kukiona hicho chumba. Dada tumembeba kwenye kiti, Sajini mbele, mimi nyuma, tukipumzika kila kivuli. Chumba kizuri. Dirisha kubwa. Nimempimia Dada kitanda chake kitapitaje mlangoni, nikagundua mengine. Ndugu za wagonjwa watasubiri wapi? Hapo hapo nje! Watu wanaosubiri wanahitaji kivuli, kiti, na zaidi ya yote, burudani. Ukuta wa mbele ukitobolewa kidogo, unapata dirisha la kibanda. Spika moja hapa, nyingine pale, zielekee hospitali, ili hata wagonjwa wafaidi. Na sauti juu ya mwamba inafika mbali! Hakuna atakayejua ukuta umetobolewa hadi utakapokuwa umeshatobolewa. Sajini atanishukuru.

Dada aliniita kutoka kwenye kiti chake, macho amefumba. Akaniambia niuweke chini huo utepe wa kupimia.

Nimeuweka chini. Nimemalizia kupima kwa viganja.